Kuuza kitanda ili kununua shuka: Bears, Panthers na chaguo namba moja

Jumapili ya tarehe 8 Januari 2023, saa tatu usiku kwa saa za kwetu, zilianza mechi mbili Marekani kwa wakati mmoja. Ilikuwa siku ya mwisho ya msimu wa kawaida wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Chicago Bears walikuwa nyumbani wakicheza na Minnesota Vikings. Kule Indianapolis, Colts walikuwa wanawakaribisha Houston Texans. Bears walishapoteza mechi tisa mfululizo. Texans walikuwa wameshinda mbili tu msimu mzima. Hao wawili ndio waliokuwa wanashindana hasa, ingawa hawakuwa kwenye uwanja mmoja, na shindano lenyewe lilikuwa la ajabu: nani amalize akiwa hovyo kuliko mwenzake.

Bears walitimiza wajibu wao. Walipigwa 29-13, wakafunga msimu na ushindi 3 na vipigo 14. Bado haikutosha, kwa sababu Texans wakipoteza tu wao ndio wangeshika mkia. Colts walikuwa mbele 31-24, imebaki chini ya dakika moja, na Texans wako kwenye jaribio la nne na yadi 20 za kufika. Kwa asiyeufuata mchezo huu: timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ukifika jaribio la nne na bado una yadi 20 mbele yako, watu jukwaani huanza kutafuta funguo za gari. Davis Mills akaurusha mpira juu, Jordan Akins akaudakia ndani ya eneo la mwisho katikati ya mabeki: 31-30. Badala ya kutafuta sare, Texans wakaenda kwa alama mbili za nyongeza, Akins akadaka tena. 32-31.

Texans wakashangilia ushindi uliowatoa kwenye nafasi ya kwanza ya kuchagua wachezaji wapya. Kocha wao, Lovie Smith, alifukuzwa usiku uleule. Na huyu Smith ndiye aliyewafundisha Bears tangu 2004 hadi 2012 na kuwafikisha Super Bowl, fainali ya ligi. Mashabiki wa Chicago walisema mzee amewaachia urithi wa mwisho.

Nilipowasimulia wenzangu kijiweni, swali la kwanza lilikuwa la haki kabisa: kwa hiyo kule wanaofungwa ndio wanaopewa zawadi? Ndiyo. Kwetu timu ikishika mkia inashuka daraja, wachezaji wanatawanyika na mfadhili anazima simu. NFL haina kushuka daraja. Kuna timu 32, na kila mwezi wa nne wanakaa kugawana vijana wanaotoka vyuo vikuu, kwa raundi saba, anayechagua kwanza akiwa ni yule aliyeshinda mechi chache kuliko wote. Hiyo ndiyo drafti, na si ile ya vizibo vya soda. Lakini kuna kitu inafanana na ile ya vizibo: ukikimbilia kula kimoja bila kutazama ubao mzima, mwenzako anakula vitatu.

Nataka kukichambua kisa hiki kwa sababu mjadala wa chaguo namba moja karibu kila mwaka unaanzia pabaya. Watu wanauliza nani kijana bora. Mimi naona timu inayofungwa inapaswa kuanza na swali jingine: huyo kijana atafikia wapi? Nani atamlinda, nani atadaka mipira yake, na tukishamlipia, ndani ya nyumba kutabaki nini?

Turudi Chicago. Meneja mkuu Ryan Poles alikuwa na mwaka mmoja tu kazini, na nyumba aliyoirithi ilikuwa na madeni. Mwaka 2021 utawala uliomtangulia ulikuwa umepanda kutoka nafasi ya 20 hadi ya 11 kumchukua kwotabeki Justin Fields, yaani mrushaji mkuu, mtu ambaye kila shambulizi linapitia mikononi mwake. Bei yake ilijumuisha chaguo la raundi ya kwanza la mwaka 2022, hivyo Poles alipoingia ofisini alikuta raundi ya kwanza imeshaliwa. Fields mwenyewe alikuwa na mbio za kutisha; msimu wa 2022 alikimbia yadi 1,143, kitu ambacho makwotabeki hawakifanyi. Ila kwenye kurusha alikuwa bado, na aliangushwa na mpira mkononi mara 55. Ukuta wake wa mbele, yaani walinzi wake, ulikuwa wa makuti.

Poles naye hakuwa malaika. Novemba 2022 alitoa chaguo lake la raundi ya pili kwa Pittsburgh Steelers ili ampate mpokeaji, yaani mdakaji wa pasi, Chase Claypool. Siku anatoa, Bears walikuwa bado wanaonekana wa katikati. Kisha wakaanza kupigwa kila wiki, na kila kipigo kilikuwa kinapandisha thamani ya kile alichokwisha kukigawa, hadi kikawa chaguo la 32. Claypool hakumaliza hata mwaka mmoja Chicago. Steelers walilitumia chaguo lile kumchukua beki wa pembeni Joey Porter Jr. Kumbuka hesabu hiyo, ya kutoa chaguo la kesho ukidhani kesho utakuwa timu nzuri. Itarudi, safari hii ikiwa upande wa Poles.

Kuna na jambo la zamani zaidi ambalo klabu hii haisahau. Mwaka 2017 Bears walipanda nafasi moja tu, kutoka ya tatu hadi ya pili, wakitoa machaguo matatu ya ziada, ili wamchukue kwotabeki Mitchell Trubisky. Patrick Mahomes, kwotabeki aliyekuja kuwa bingwa wa Super Bowl, alichukuliwa nafasi ya 10. Na ukirudi nyuma hadi drafti ya kwanza kabisa, mwaka 1936, aliyechaguliwa wa kwanza alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Philadelphia Eagles walimteua, wakauza haki yake kwa Bears, Berwanger akashindwana na George Halas, mmiliki wa Bears, kwenye mshahara, na hakucheza hata mechi moja ya ligi. Chaguo namba moja la kwanza katika historia liliishia kuwa karatasi, na karatasi yenyewe ilikuwa mkononi mwa Bears. Sisemi ni mkosi. Nasema tu kama kuna klabu iliyopaswa kujua kwamba jina kwenye karatasi si mchezaji uwanjani, ni hii.

Sasa tuvuke hadi Charlotte, kwa Carolina Panthers. Wao 2022 walishinda 7 na kupoteza 10, kwa hiyo walikuwa na chaguo la tisa. Mmiliki wao, David Tepper, alinunua klabu mwaka 2018 na tangu hapo hakuwa ameonja msimu mmoja wenye ushindi mwingi kuliko vipigo. Alikuwa amechoka kuazima makwotabeki. 2020 alikuwa Teddy Bridgewater, 2021 Sam Darnold, 2022 Baker Mayfield. Kila mwaka mtu mpya, matumaini mapya, vipigo vilevile. Katikati ya 2022 walikuwa wameshamfukuza kocha Matt Rhule na kumuuza mkimbiaji wao nyota, Christian McCaffrey, kwa San Francisco 49ers. Januari 2023 wakamwajiri Frank Reich, kwotabeki wa zamani. Hamu ya kupata kijana wao wenyewe, wa kumlea miaka kumi, ilieleweka.

Tena bei ya kijana iko chini, na hapa lazima nieleze kidogo kwa sababu ndipo utamu wote ulipo. Mwaka 2010 Sam Bradford, chaguo namba moja, alisaini miaka 6 kwa dola milioni 78, milioni 50 zikiwa za uhakika, kabla hajarusha mpira mmoja. Mkataba wa pamoja wa mwaka 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji ukakata hilo: Cam Newton, namba moja wa mwaka huo, alipata takriban dola milioni 22 kwa miaka 4. Bryce Young mwaka 2023 alipata karibu milioni 38 kwa miaka 4, wakati kwotabeki nyota aliyekomaa alikuwa anaanza kulipwa zaidi ya milioni 50 kwa mwaka mmoja. Kwa vile mishahara ya timu nzima ina kikomo, ukiwa na kwotabeki mzuri wa bei ya kijana unabaki na fedha za kuwanunulia walinzi, wapokeaji na mabeki. Faida ya chaguo la juu ni hiyo, zaidi hata ya kipaji: ni punguzo la bei. Na punguzo halina maana kama ulichookoa umekwisha kukitoa mlangoni.

Tarehe 10 Machi 2023, mwezi mmoja na zaidi kabla ya drafti, dili likakamilika. Bears walitoa chaguo namba moja. Panthers walitoa chaguo la 9 na la 61 la mwaka uleule, la raundi ya kwanza la 2024, la raundi ya pili la 2025, na mpokeaji wao namba moja, DJ Moore.

Tulipigie hesabu dili hili. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 klabu zinatumia jedwali la alama lililotengenezwa Dallas Cowboys enzi za kocha Jimmy Johnson. Chaguo namba moja lina alama 3,000, la tisa 1,350, la 61 lina 292. Kwa hiyo machaguo mawili ya 2023 yalilipa 1,642, zikabaki 1,358. Pengo hilo lilizibwa na machaguo mawili ya miaka ya mbele, pamoja na Moore. Ukiwa Panthers unajiambia: mwakani tutakuwa na kwotabeki, tutashinda mechi nane au tisa, chaguo tunalotoa litakuwa la katikati, alama chache tu, tumenunua rahisi. Ni hesabu ileile ya Claypool. Kila timu inayouza kesho yake huihesabu kesho hiyo kwa bei ya mtu aliyekwisha kupona.

Mimi yale machaguo hayanisumbui sana. Kinachonisumbua ni Moore. Alikuwa mtu wa miaka 25, ameshavuka yadi 1,000 misimu mitatu, na mwaka mmoja tu kabla Panthers wenyewe walikuwa wamemwongezea mkataba. Unamleta kijana ambaye kazi yake ni kurusha, na nauli ya kumleta unailipa kwa kumtoa yule anayejua kudaka. Ndiyo maana nikasema kuuza kitanda ili kununua shuka. Shuka zuri, la pamba, bei mbaya. Litandikwe wapi?

Drafti ilipofika, Panthers walimchukua Bryce Young wa Alabama, mshindi wa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, ya 2021. Kipaji hakikuwa na mjadala. Mwili ulikuwa nao. Alipimwa futi 5 na inchi 10, mfupi kwa kwotabeki, na hilo lilikuwa sababu nyingine ya kumjengea ukuta kabla ya kumwingiza. Texans, walewale walioshinda mechi wasiyotakiwa kushinda, walimchukua C.J. Stroud wa Ohio State kwenye nafasi ya pili, kisha wakapanda hadi ya tatu na kumbeba Will Anderson Jr. Bears walishuka tena nafasi moja, kutoka 9 hadi 10, wakaokota chaguo jingine kwa Eagles, na kumchukua Darnell Wright wa Tennessee, pandikizi la mlinzi wa kulia. Hakuna aliyeruka kitini. Walinzi hawauzi jezi.

Wapokeaji wa Young msimu ule waliongozwa na Adam Thielen, mwenye miaka 33, ambaye kwa kweli alijitahidi, akamaliza na yadi 1,014. Baada yake kulikuwa pakavu. Young aliangushwa na mpira mkononi mara 62, akarusha pasi 11 za tachidauni, yaani za kufunga, na 10 zilizodakwa na wapinzani. Reich alifungashiwa virago tarehe 27 Novemba, timu ikiwa na ushindi mmoja na vipigo kumi.

Mechi ya Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, niliamkia saa kumi na robo alfajiri ya Ijumaa kwa huku. Panthers walikuwa wamesafiri hadi Chicago. Mpira wenyewe ulikuwa mbaya kiasi cha kutafuta mto wa pili. Fields alikuwa majeruhi, Bears wakamweka Tyson Bagent, kijana kutoka Shepherd, chuo kidogo cha daraja la pili, ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye raundi zote saba. Chaguo namba moja upande huu, chaguo la hakuna-namba upande ule. Bears wakashinda 16-13. Na uzuri wake kwa Chicago ulikuwa wa mara mbili, maana kila kipigo cha Panthers kilikuwa kinaisogeza tiketi yao ya 2024 kileleni. Walikuwa wanashinda mechi, na wakati huohuo wananenepesha ng'ombe wao aliyefungwa zizi la jirani.

Tarehe 31 Desemba Panthers walipigwa 26-0 na Jacksonville Jaguars. Siku hiyo ndiyo ilithibitika kwamba Bears watachagua wa kwanza tena. Siku hiyohiyo kamera zilimnasa Tepper akimwagia kinywaji shabiki wa wapinzani kutoka kwenye chumba chake cha wageni, na ligi ikamtoza faini ya dola 300,000. Wiki iliyofuata walipigwa 9-0. Mechi mbili za mwisho, alama sifuri. Jumla ya msimu: ushindi 2, vipigo 15. Lile chaguo "la katikati" lilikuwa namba moja.

Kwa upande wa pili, Moore alipata yadi 1,364 Chicago, msimu bora wa maisha yake hadi wakati huo. Kuna Alhamisi moja ya Oktoba, dhidi ya Washington, alidaka yadi 230 na tachidauni tatu, na Bears wakavunja mkosi wa vipigo 14 mfululizo.

Hapa ndipo wengi hufunga faili: Poles fundi, Panthers wajinga. Mimi siwezi kufunga mapema hivyo, kwa sababu Stroud anaiharibu hadithi. Stroud aliingia timu iliyokuwa imeshinda mechi 11 tu kwa miaka mitatu, akarusha yadi 4,108, pasi 23 za tachidauni na 5 tu zilizodakwa na wapinzani, akawa kijana bora wa safu ya ushambuliaji, akaipeleka timu kwenye mtoano na kuwapiga Cleveland Browns 45-14. Kumbe kwotabeki anaweza kuokoa timu mbovu? Anaweza. Lakini tazama Texans walivyomchukua. Walikaa kwenye nafasi yao ya pili, hawakutoa hata chaguo moja kwa ajili yake, hawakumtoa mpokeaji. Walipandia kwa Anderson, baada ya nyumba kupata mwenyewe. Halafu wakawa na kocha mpya, DeMeco Ryans, aliyekuwa na muda wa kujenga kuanzia mwanzo.

Na Stroud anamuumbua Poles pia. Yule aliyekuwa na haki ya kumchukua kabla ya watu wote alikuwa Poles. Alisema hadharani kwamba ili amwache Fields angehitaji kijana wa kumtoa pumzi, na kwa tathmini yake hakumwona. Alikosea kumsoma Stroud kama wengine walivyokosea. Tofauti ni kwamba kosa lake halikumfilisi, kwa sababu dili lake halikuhitaji awe na macho ya mganga. Lilihitaji tu awe na mashimo mengi na akubali kwamba anayo.

Wachumi Cade Massey na Richard Thaler waliwahi kuchimba kumbukumbu za drafti hii na kukuta kwamba ukichukua wachezaji wawili waliochaguliwa mmoja baada ya mwingine kwenye nafasi ileile uwanjani, aliyetangulia huishia kuwa bora kwa takriban asilimia 52 ya nyakati. Ni kama kurusha sarafu, ila sarafu hii unailipia raundi mbili za mbele. Ukisoma hiyo kisha ukaitazama bei ya kutoka 9 hadi 1, unaelewa kwamba Panthers hawakulipia ubora tu. Walilipia uhakika, na duka la uhakika halikuwapo.

Aprili 2024 Bears walitumia tiketi ya Panthers kumchukua Caleb Williams wa USC, Heisman wa 2022. Fields alikuwa amekwishauzwa kwa Steelers kwa chaguo la raundi ya sita, bei ya kuondoshea mzigo. Kwenye nafasi yao wenyewe, ya tisa, wakamchukua mpokeaji Rome Odunze. Moore yupo, wakamleta na Keenan Allen. Ilisemwa hakuna chaguo namba moja aliyewahi kukuta nyumba nzuri hivi, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosema.

Tulikosea. Tulihesabu viti vya sebuleni, tukasahau paa. Ukuta wa katikati ulivuja, Williams akaangushwa mara 68 msimu mmoja. Kwa kipimo: rekodi ya ligi ni 76, ya David Carr mwaka 2002, ambaye naye alikuwa chaguo namba moja la timu iliyokuwa inaanza kutoka sifuri, hao hao Texans. Carr hakuwahi kuwa yule aliyetarajiwa. Mratibu wa mashambulizi wa Bears alitimuliwa Novemba 2024, na kocha mkuu Matt Eberflus akafuata siku moja baada ya mechi ya Thanksgiving huko Detroit, ambapo timu iliacha saa iishe huku ikiwa na nafasi ya kusimamisha mchezo mkononi. Na ile mechi ya Washington ya Oktoba 2024! Mpira wa kubahatisha sekunde ya mwisho, Jayden Daniels wa Washington anaurusha, na beki Tyrique Stevenson yuko anawakebehi mashabiki jukwaani wakati mchezo umeshaanza. Akakimbilia, akaugusa, ukamwangukia mpokeaji wao Noah Brown aliyekuwa peke yake. 18-15. Stevenson mwenyewe alipatikana kupitia chaguo la 61 la Panthers, Bears walilipandisha hadi la 56 kumfikia. Hata mazao ya dili zuri yanaweza kukuchoma mkono.

Kwa hiyo dili zuri halikujenga timu. Lilinunua muda wa kukosea. Poles alikosea kwa Stroud, kwa Claypool, kwa ukuta, kwa kocha, na bado alikuwa na vitu mfukoni. Panthers walikosea mara moja na wakawa hawana kitu cha kurekebishia. Hata raha ya kushika mkia, ile pole ambayo ligi inampa kila mnyonge, walikuwa wameshaiuza.

Ndiyo maana nikiulizwa timu inayofungwa ifanye nini na chaguo lake la juu, kwanza natazama ilikotoka. Kama umepoteza kwa sababu kwotabeki wako aliumia na kikosi kingine ni kizima, mchukue kijana, usisite. Kama umeshinda mechi tatu na huwezi kutaja walinzi wawili wa mbele unaowaamini, basi wewe si mnunuzi, wewe ni muuzaji, na mteja mwenye hamu atakuja tu. Mwenye hamu ndiye anayelipa kupita kiasi. Ukiamini kweli kijana aliyepo ni wa mara moja kwa kizazi, kaa ulipo, mchukue, na usitoe kitu cha mezani kwake. Sharti la mwisho ndilo gumu, maana mmiliki anataka jina la kubandika kwenye mabango mwezi wa tano. Walinzi hawabandikwi.

Jambo jingine ni subira. Mayfield, yule waliyemwacha Panthers mwishoni mwa 2022, alikwenda Tampa Bay na kuchukua ubingwa wa kundi lilelile la Panthers 2023 na 2024. Darnold alishinda mechi 14 na Vikings mwaka 2024. Wote wawili walikuwa machaguo ya juu ya 2018, wote wawili walionekana vimeo wakiwa Charlotte. Inawezekana tatizo lilikuwa wao. Mimi ningekagua nyumba kwanza. Young mwenyewe alisugua benchi baada ya mechi mbili tu za 2024, akarudi Andy Dalton alipoumia kidole gumba kwenye ajali ya gari, na chini ya kocha Dave Canales akaanza kufanana na yule wa Alabama. Miaka miwili ya mkataba ule wa bei nafuu ilikuwa imeshaungua.

Chicago, mwaka 2025, hatimaye waligeukia paa. Walimleta kocha Ben Johnson kutoka Detroit, na katikati ya ukuta wakaweka watu watatu wapya kwa mkupuo: Joe Thuney, Jonah Jackson, Drew Dalman, wawili wa kwanza kwa machaguo ya raundi za chini na wa tatu kwa fedha. Chaguo la mwisho la Panthers, la 39, likawaletea mpokeaji Luther Burden III. Williams aliangushwa mara 24 badala ya 68. Bears wakamaliza 11-6 na kutwaa kundi lao. Panthers nao, kwa 8-9, wakachukua lao.

Ikawa tarehe 10 Januari 2026 wote wawili wako kwenye mtoano, siku moja. Charlotte, Young aliwaweka Panthers mbele ya Los Angeles Rams dakika za mwisho, Rams wakarudi wakashinda 34-31. Saa chache baadaye Chicago, Bears walikuwa nyuma 21-3 mbele ya Green Bay Packers, wakapunguza, wakapunguza tena, na zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili Williams akarusha yadi 25 pembeni. Aliyekuwa anasubiri kule mwisho, peke yake, ni DJ Moore.